Kazi za Sindano za Familia: Dalili za Kuharibika, Chanzo Chake na Namna ya Kuzinusuru

Kitambaa kilichodariziwa kinaweza kulala sandukuni miaka sitini kikiwa salama, kisha kikaharibika ndani ya saa moja mikononi mwa mtu anayekipenda na anayetaka kukirudisha upya. Matatizo mengi ninayoulizwa hayakuletwa na uzee. Yameletwa na sabuni, pasi, klorini na pini. Ndiyo maana utaona kanuni moja ikijirudia hapa chini: anza na kile unachoweza kukitengua. Kukunjua, kupiga picha, kupunga hewa na kutoa vumbi havina hasara. Maji, moto na dawa vikishapita, vimepita.

KABLA YA YOTE

Tandika shuka jeupe safi juu ya meza. Nawa mikono na uikaushe vizuri, vua pete, saa na bangili. Usipake mafuta mikononi. Alama ya kidole chenye mafuta haionekani leo, ila baada ya miaka huibuka ikiwa ya kahawia. Piga picha mbele na nyuma. Nyuma ndiko rangi ya awali ilikobaki, na ndiko utakakoona mafundo, viraka na nyuzi zilizoachia.

Kisha ujue kitambaa ni cha nini. Chomoa uzi wa sentimita moja kutoka ndani ya upindo, ushike kwa kibano na uuchome juu ya sahani ya chuma. Ukinuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ni pamba au kitani. Ukinuka nywele, ni sufu au hariri. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha punje ngumu, ni uzi wa viwandani kama poliesta au nailoni. Usiruke hatua hii kwa kujiamini macho. Klorini huila sufu na hariri mpaka nyuzi zikayeyuka, na aliyedhani hariri yake ni pamba hulijua hilo akiwa ameshachelewa.

DALILI: KIMEGEUKA NJANO, AU KIMETOKA MADOA YA KAHAWIA

Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali. Anza na sababu iliyo ya kawaida zaidi.

Kwanza, kiliwekwa kikiwa hakijafuliwa vizuri. Kinywaji chenye sukari au tone la mafuta linaweza kukauka lisionekane, kisha likaungana na hewa polepole na kugeuka kahawia. Jasho hufanya vivyo hivyo, na sabuni isiyosuuzwa ikaisha nayo haina tofauti. Njano ya namna hii hukaa mahali pamoja: katikati ya kitambaa cha meza, shingoni mwa gauni, ukingoni mwa foronya.

Pili, kilihifadhiwa ndani ya asidi. Boksi la kawaida la karatasi ngumu, gazeti, karatasi za zawadi na ubao mtupu wa kabati vyote hutoa asidi. Angalia umbo la njano. Ikifuata mstari wa mkunjo au ukingo uliogusa ubao, umempata mhalifu.

Tatu, kiliwekwa kikiwa na wanga. Kitambaa kilichotiwa wanga hupendeza mezani, lakini sandukuni wanga hugeuka rangi, hukausha nyuzi na kualika wadudu.

Nne, uzee wenyewe. Pamba na kitani hupata njano ya jumla, sawasawa kila upande, hata vikitunzwa vyema.

Mara nyingi dawa ya kwanza kwa pamba na kitani chenye afya ni maji matupu. Jaribu kwanza kama rangi za nyuzi zinachuja (jaribio liko katika dalili inayofuata). Zikiwa hazichuji, laza kitambaa juu ya kipande cha neti, kizamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30, na ukiache nusu saa. Utashangaa maji yakiwa ya rangi ya chai. Hiyo ni asidi na uchafu vikitoka bila hata tone la sabuni. Mwaga, rudia mara tatu au nne. Kama njano bado ipo, tia sabuni ya maji isiyo na manukato, rangi wala dawa ya kung'arisha, kidogo tu, kisha suuza mpaka maji yasitoe povu hata ukiyapiga kwa mkono. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyoondolewa madini, kwa kuwa chuma kilichomo katika maji ya bomba au ya kisima huacha njano yake mwenyewe.

Kamwe usikinyanyue kikiwa kimelowa bila neti. Uzito wa maji peke yake unatosha kupasua lesi.

Kama ni cheupe kitupu, cha pamba au kitani, na uzi wake bado una nguvu, unaweza kujaribu dawa ya kung'arisha inayotumia oksijeni, kwa kipimo cha chini na kwa muda mfupi, ukikikagua kila baada ya dakika kumi. Kitoe kabla hakijawa cheupe kabisa. Kitambaa cha miaka themanini kikiwa cheupe kama karatasi mpya, kuna uhai wa nyuzi uliolipia weupe huo.

Na pasi? Isipite juu ya doa. Joto huliunguza doa ndani ya uzi, na lililokuwa linatoka kwa maji sasa halitoki kwa lolote.

Simama umwite mtaalamu wa kuhifadhi nguo za kale iwapo kitambaa ni cha hariri, kina nyuzi za dhahabu au fedha, kina shanga zilizobandikwa kwa gundi, au kinatoa unga unapokigusa.

DALILI: RANGI IMEVUJIA KWENYE SEHEMU NYEUPE

Niseme ukweli, hili lilinipata mimi. Nilikuwa na kitambaa kirefu cha meza chenye maua mekundu na majani ya kijani iliyokolea. Nilijaribu nyekundu kwa pamba yenye maji, haikutoa kitu. Nikakitumbukiza kwenye maji ya sabuni, na ile kijani niliyokuwa sijaijaribu ikaanza kutembea. Kwa hofu nikakitoa, nikakikamua na kukianika. Hapo ndipo nilipolifunga doa lenyewe: rangi inayovuja hujishikiza pale inapokaukia.

Sababu kubwa ni kwamba hakuna jaribio lililofanyika, au lilifanyika nusu kama langu. Inayofuata ni kitambaa kuachwa kimelowa huku kimekunjwa, rangi ikachapa upande wa pili. Mara chache zaidi rangi huvuja bila kufuliwa kabisa: unyevu wa ukuta, maji ya paa au mvuke wa pasi umetosha. Kuhusu umri, usidhani kwamba cha kale ndicho salama. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856, William Perkin alipopata zambarau yake kutokana na lami ya makaa ya mawe, na nyingi zilizofuata hazikushika vizuri kwenye uzi. Nyekundu, bluu iliyokolea, zambarau na nyeusi zishuku daima.

Jaribio kamili ni hili. Chukua pamba nyeupe, iloweshe maji, ibonyeze kwenye uzi kwa upande wa nyuma kwa dakika moja. Usisugue. Kisha rudia kwa pamba yenye maji ya sabuni ileile utakayotumia. Fanya hivyo kwa kila rangi, na ikiwa kuna kijani tatu, jaribu zote tatu. Pamba ikishika rangi hata kidogo, kitambaa hicho hakioni maji nyumbani.

Imeshaanza kuvuja ukiwa katikati ya kufua? Usikitoe. Usikikamue. Endelea kumwagia maji baridi mengi, ukibadilisha, mpaka maji yawe safi kabisa, hata kama ni saa mbili. Halafu kilaze bapa juu ya taulo jeupe, funika kwa taulo jingine, bonyeza, na ukikaushe haraka kwa upepo wa feni, mbali na jua. Kikiwa bado kinatoa rangi, badilisha taulo.

Siki na chumvi, ambazo karibu kila mtu atakushauri, hazizuii rangi iliyokwisha kutiwa kwenye uzi isichuje. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati wa kuutia uzi rangi, kazi ambayo ni nyingine kabisa.

Doa lililokwisha kukauka liache. Zipo dawa za kufuta rangi, lakini hazichagui kati ya doa na ua.

DALILI: MADOA MEKUNDU YA KUTU

Pini, sindano iliyosahaulika, kulabu za gauni, msumari wa sanduku. Ondoa chuma kwanza. Kama kimeshikana na uzi, kikate kwa koleo badala ya kukivuta. Usitie klorini, maana hulizidisha doa. Asidi zinazotoa kutu zipo, lakini zisiposuuzwa zikaisha hula pamba, na palipo na kutu uzi umeshadhoofika. Mimi doa dogo la kutu hulivumilia.

DALILI: VITUNDU

Chunguza tundu kabla hujatafuta dawa, kwani kila mla nguo ana mkono wake.

Vitundu vingi vidogo kwenye sufu, pamoja na utando mwembamba au punje kama mchanga zenye rangi ileile ya uzi, ni viwavi wa nondo wa nguo. Punje hizo ni kinyesi chao. Nondo mwenyewe anayeruka hali chochote, kwa hiyo kumuua huyo mmoja uliyemwona hakumalizi kitu. Wanaokula ni watoto wake, na hupenda sufu, hariri, manyoya na nywele, hasa penye jasho au mabaki ya chakula. Ukiona maganda makavu ya kahawia yenye vinyweleo, huyo ni mdudu mwingine, buu wa mbawakawa wa mazulia, na tiba yake ni hiyohiyo. Pamba au kitani kilichokwanguliwa juujuu, hasa chenye wanga, kimeguswa na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia kwenye vitabu. Tundu lenye ukingo safi kabisa huenda ni la panya, au la mkasi.

Hatua za kwanza: tenga kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kagua kila kilichokaa jirani nacho. Safisha kabati kwa mashine ya kufyonza vumbi, hasa pembeni na kwenye nyufa, na uumwage mfuko wa mashine nje siku hiyohiyo.

Tiba ya nyumbani ni baridi. Funga kitambaa kikavu kwenye karatasi laini nyeupe, kitie kwenye mfuko wa polithini, toa hewa, ziba vizuri, na ukiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukikitoa usiufungue mfuko. Subiri saa 24, unyevu wa hewa utue nje ya plastiki badala ya kutua kwenye nyuzi. Kitu chenye shanga, pembe, ngozi, rangi ya kupakwa au nyuzi za madini kisiingie friza bila ushauri.

Vidonge vya naftalini sivishauri. Ni sumu kwa anayevuta hewa yake, harufu yake haiishi, na huweza kulainisha vifungo na shanga za plastiki. Karafuu na maua yenye harufu huenda yakamfukuza nondo mmoja mmoja, ila hayaui viwavi waliomo.

Tundu lenyewe usiliwahi kwa uzi mnene. Weka kipande cha kitambaa chepesi cha aina ileile kwa nyuma, ukishikize kwa mishono mirefu, legevu, ya uzi mwembamba kuliko uzi wa kitambaa. Kiraka kikivutwa, uzi wako ndio ukatike, ule wa bibi ubaki. Selotepu, gundi na vitambaa vya kubandika kwa pasi viache kabisa. Gundi yao hugeuka njano na ngumu, na haitoki.

DALILI: HARUFU YA UVUNDO, VITONE VYEUSI AU KIJIVU

Ukungu humea hewa ikizidi unyevu wa takriban asilimia 65 na kutulia. Sababu ya kawaida ni kukihifadhi kabla hakijakauka barabara, au kukifungia kwenye plastiki isiyopumua. Halafu kuna kabati lililoegemea ukuta wa nje, sanduku lililowekwa sakafuni, bomba linalovuja.

Vaa barakoa na glavu. Huu si mzaha kwa mwenye pumu. Peleka kitambaa nje kivulini penye upepo. Ukungu mbichi, unaopaka ukiugusa, usiupanguse: utausukuma ndani. Ukaushe kwanza. Ukishakuwa unga mkavu, weka neti juu ya kitambaa na uufyonze kwa mashine yenye nguvu ndogo na kichujio kizuri, kwa kuinua na kushusha, bila kuburuta. Ndipo ufue, kama kitambaa kinafulika. Harufu ikibaki, kiweke siku kadhaa kwenye chombo kilichofunikwa pamoja na bakuli la soda ya bikaboneti, visigusane. Usipulizie manukato.

Vitone vyeusi huenda visitoke; ni rangi ya ukungu iliyoingia ndani ya uzi. Mtu aliyeanza kukohoa au kubanwa kifua aache kazi hiyo kwa wengine. Na kama sanduku zima limelowa kwa mafuriko, mwite mtaalamu siku hiyohiyo.

DALILI: KINAPASUKA CHENYEWE

Ukikunjua na kuona mpasuko ulionyooka juu ya mkunjo, sababu ni mkunjo. Nyuzi zimekatika kama waya uliokunjwa mahali pamoja mara nyingi. Kinga ni rahisi: usikunje pasipo kutia mto wa karatasi laini isiyo na asidi, uliosokotwa kama kamba nene, ndani ya kila mkunjo, na ukunje mahali tofauti angalau mara moja kwa mwaka. Vitambaa bapa vikubwa ni bora vizungushwe kwenye bomba nene lililofunikwa kwa karatasi hiyo, darizi ikitazama nje. Huna karatasi hiyo? Shuka kuukuu la pamba nyeupe, lililofuliwa bila dawa ya kulainisha, linatosha.

Ikiwa ni hariri na inachanika vipande vyembamba hata pasipo mkunjo, yaelekea ni hariri iliyoongezewa uzito kwa chumvi za madini, hasa bati, jambo lililokuwa desturi ya viwanda mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichowekwa kuipa uzito ndicho kinachoila. Haiponi. Usiifue, usiitundike, ilaze bapa.

Na kama nyuzi nyeusi au kahawia tu ndizo zimepukutika, zikiacha matundu yenye umbo la michoro wakati rangi nyingine zote ziko sawa, chanzo ni chuma kilichotumika kushikisha rangi ile nyeusi. Pengo hilo si la kushonea upya kwa pupa. Mstari wa matundu bado unasomeka.

DALILI: KAZI YA KUFUMA IMEFUMUKA AU IMEREFUKA

Jicho, yaani kitanzi kimoja cha uzi, likiponyoka kwenye sweta, lizuie papo hapo kwa uzi wa rangi tofauti uliopitishwa ndani yake, kisha lipandishe taratibu kwa kulabu ya kufumia. Usivute uzi uliochomoza wala usiukate, uingize nyuma. Sweta iliyorefuka ilitundikwa kwenye hanga. Vitu vya kufuma hulazwa. Iliyosinyaa na kuwa nzito ilikutana na maji moto na kusuguliwa, na hiyo hairudi.

DALILI: KILICHO KWENYE FREMU KIMEPAUKA

Mwanga. Madhara yake hujumlishwa siku hata siku na hayarudi nyuma. Makumbusho mengi huweka nguo kwenye mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu kuliko chumba cha kawaida mchana. Kioo kinachozuia miali ya urujuanimno husaidia, lakini mwanga unaoonekana nao hupausha. Tundika ukuta usiotazama dirisha, kitambaa kisiguse kioo, kishonewe kwenye ubao usio na asidi bila gundi, na kipumzishwe gizani miezi kadhaa kila mwaka. Au tundika picha yake.

DALILI: KITAMBAA KIZIMA, ILA HAKUNA ANAYEJUA NI CHA NANI

Watu hawaliiti hili tatizo, na ndilo linalopeleka vitambaa vingi jalalani. Mjukuu hatupi kazi ya bibi yake. Hutupa kitambaa kuukuu cha mtu asiyejulikana.

Katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, kuna kitambaa cha mishono ya mfano kilichoshonwa na Jane Bostocke. Tunalijua jina lake kwa sababu alilishona hapohapo, pamoja na mwaka 1598 na tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto Alice Lee. Vilivyoshonwa na mikono mingine ya zama zile, hata vizuri kuliko hicho, vingi havina mwenyewe.

Sababu ya kawaida ni kwamba kila mtu alidhani mwingine anakumbuka. Nyingine: maelezo yaliandikwa kwenye karatasi iliyopotea, au yalibandikwa kwa pini iliyoota kutu. Ipo pia ya ndugu waliogawana kitambaa kimoja kwa mkasi, kila mmoja akaenda na robo inayochanika ukingoni. Afadhali kizunguke, mwaka kwa mwaka, nyumba kwa nyumba.

Kata utepe wa pamba nyeupe uliokwisha kufuliwa. Andika kwa penseli laini, au kwa kalamu ambayo umeijaribu kwenye maji. Wino wa kalamu ya kawaida huchuja. Andika kabla hujaushona. Jina la aliyeshona, alikuwa nani kwenu, mwaka au makadirio yake, tukio alilolishonea, aina ya uzi. Ushikize kwenye upindo kwa mishono michache legevu, usiguse darizi. Kama aliyeshona yu hai, mrekodi kwa simu akieleza, huku kitambaa kikiwa mkononi mwake. Atakumbuka mambo ambayo swali lako lisingeyafikia.

Ongeza pia kilichofanyiwa, ili atakayekishika baadaye asikisie. Utepe wa kile kitambaa changu cha maua una mstari wa mwisho unaosema: kijani ilivuja kwenye kufua, kosa ni la mjukuu, usikirudishe majini.